Hati za Kiarabu Kisiwani Pemba na Haki ya Kurekebisha Chombo cha Kuandikia

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea kwa njia ya shule, watu wa Pemba waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walizojifunza chuoni. Hizo ndizo hati za zama za Kamange na Sarahani, washairi mashuhuri wa kisiwa hicho, ambao habari na tungo zao zilikusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011.

Chombo hicho kilikuwa na upungufu. Kiarabu fasaha hakina herufi za p, ch, g wala v, na alama zake za irabu fupi ni tatu, hali Kiswahili kina irabu tano. Kwa mtindo wa kale, jina Pemba lenyewe liliweza kuandikwa kwa ba mbili tu, ya kwanza na kasra, ya pili na fatha. Asiyeijua lugha angalisoma "biba". Lakini chombo hicho hakikuwa na mwenyewe. Mwandishi aliyeona dhiki aliweza kuongeza nukta, au kuazima herufi za Kiajemi kwa sauti za p na ch, bila ya kuomba ruhusa. Wenziwe wakipendezwa, walimfuata. Hasara yake ni kwamba kila mwandishi aliweza kushika njia yake.

Herufi za Kirumi ziliondoa dhiki hiyo, wala zenyewe hazikuwa na kosa. Kilichofungwa ni mamlaka ya kuzirekebisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia na kupitisha vitabu vya shule. Faida ilikuwa kubwa: kitabu kimoja kiliweza kusomwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lakini kwa kipimo hicho mtoto wa Pemba aliyeandika kama asemavyo mama yake alikuwa amekosea, wala hakuwa na mlango wa kupitishia neno lake. Mwaka 1958 Whiteley alitoa utafiti wake wa lahaja na mashairi ya Pemba. Kipemba kikapata nafasi mbele ya wataalamu, na darasa likabaki na Kiunguja.

Suala hilo limerudi pamoja na kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Undani wake u wazi, na leseni yake yamruhusu yeyote kuibadili na kuigawa upya. Katika programu iliyofungwa, mabadiliko ya namna hiyo humngoja mwenye mali. Usanifishaji una manufaa yasiyokanika. Ila chombo cha lugha kikiachwa wazi, Mpemba aweza kukitumia pamoja na wenziwe, na bado akakitengeneza kipokee maneno ya kwao.