Bendera ya Roland (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, kwenye uwanja wa Imola nchini Italia, gari la kijana wa Kibrazili, Rubens Barrichello, lilipaa na kubamiza uzio. Alipozinduka, Ayrton Senna alikuwa kando yake. Pua ilivunjika, roho ikabaki. Watu wakashusha pumzi mapema mno. SASA ENDELEA...

Jumamosi mchana, Roland Ratzenberger wa Austria alikuwa akiipigania nafasi ya mwisho kabisa kati ya watakaoanza mbio. Alikuwa na miaka 33. Timu yake, Simtek, ilikuwa changa na mfuko wake mwembamba. Mkataba wake ulikuwa wa mbio tano tu, na hii ilikuwa wikendi yake ya tatu. Brazili hakufuzu. Japani, kwenye uwanja wa Aida, alimaliza wa 11. Wenzake wa umri ule walishakuwa mabingwa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa amefika mlangoni.

Nakaa hapa kwa makusudi. Ukiwatajia wapenzi wa langalanga jina la Imola, watakusimulia Jumapili. Mimi Jumamosi ndiyo inayoninyima usingizi.

Katika mzunguko uliotangulia, gari lake lilitoka nje ya njia kwenye kona za Acque Minerali. Yaelekea ndipo lilipoumia bawa la mbele, lile linaloikandamiza pua ya gari ili matairi yashike lami. Angeweza kurudi kwa mafundi wakalikagua. Lakini muda ulikuwa unayoyoma na nafasi ni hiyo moja. Akakanyaga mafuta. Alipoikaribia kona iliyopewa jina la Gilles Villeneuve, dereva mwingine aliyeuawa na mchezo huu mwaka 1982, alikuwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Bawa likakatika. Aliuzungusha usukani, gari halikumsikia. Likaenda moja kwa moja ukutani.

Liliposimama, kichwa chake kilikuwa kimelala upande. Fuvu lilikuwa limevunjika kwenye kitako, jeraha lile lile ambalo kifaa cha kukaa mabegani na kufungwa kwenye kofia ya dereva hulizuia. Kifaa hicho kilikuja kuwa cha lazima kwenye langalanga mwaka 2003. Miaka tisa! Kila nikiihesabu, koo linanikauka.

Roland alitangazwa kufariki hospitalini Bologna. Tangu Riccardo Paletti afe Montreal mwaka 1982, hakuna dereva wa langalanga aliyekuwa amekufa katika wikendi ya mashindano. Senna, bingwa wa dunia mara tatu, alianza langalanga mwaka 1984. Msiba wa aina hii ulikuwa haujawahi kumkuta uwanjani.

Alichukua gari la maofisa akaenda mwenyewe hadi mahali pa ajali, jambo ambalo wasimamizi walimkaripia. Kisha akafika kituo cha tiba, na rafiki yake, Dkt. Sid Watkins, akamwambia ukweli. Senna akalia begani kwake. Daktari akamsihi aachane na mbio, waende zao wakavue samaki. Senna akajibu kwamba yapo mambo yasiyo mikononi mwao. Yeye hawezi kuacha.

Jumapili, tarehe 1 Mei, magari 25 yalijipanga. Nafasi ya 26, ile aliyoifia Roland, iliachwa wazi. Mbele kabisa alikaa Senna, na ndani ya gari lake mlikuwa na bendera ya Austria iliyokunjwa. Alikusudia kuipeperusha mbio zikiisha, kwa ajili ya yule aliyekufa.

Saa nane mchana taa ya kijani ikawaka. Senna akachomoka. Lakini katika safu ya tatu, Benetton ya JJ Lehto, aliyekuwa amerudi tu kutoka kuuguza shingo iliyovunjika, ilizima pale pale. Magari yakamkwepa kushoto, yakamkwepa kulia. Kutoka safu za nyuma, Mreno Pedro Lamy alikuwa anakuja na Lotus yake kwa kasi, magari ya mbele yamemziba macho. Juu ya ukuta wa pembeni, nyuma ya uzio, jukwaa limefurika watazamaji.

Gari la mbele ya Lamy likachepuka ghafla, na hapo ndipo alipoiona Benetton, imesimama.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO