Masikio ya mtoto wa Berlin, macho ya mkalimani wa Korea

Jumamosi iliyopita kwenye mdahalo wetu hapa Nakivale mada ilikuwa hii: je, kijana ambaye hajafikisha miaka 18 aruhusiwe kufanyiwa upasuaji wa urembo? Nusu ya watu walicheka. Eti sisi tunaopanga foleni toka alfajiri kwa ajili ya Panadol, leo tujadili kurekebisha pua! Lakini dada mmoja wa miaka 16 hakucheka. Akauliza, "Kama pesa ingekuwepo, nani angenikataza, na kwa nini?" Wengine wakakimbilia dini, wengine wakasema hayo ni mambo ya wazungu, muda ukaisha bila jibu. Mi napenda historia, basi naandika kwa njia ninayoijua.

Kwanza tusafishe neno. Watu wakisikia "upasuaji wa plastiki" wanafikiri daktari anaingiza plastiki kama ya jerikani ndani ya uso. Sivyo kabisa. Neno limetoka Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga, kama mama anavyofinyanga chungu. Jina hilo ni la zamani kuliko jerikani zote za hapa kambini.

Sasa twende Berlin, Ujerumani, mwaka 1896. Mama mmoja anampeleka mwanawe kwa daktari kijana anayeitwa Jacques Joseph. Mtoto ana kama miaka 10, mzima wa afya, ila masikio yake ni makubwa na yamesimama nje. Shuleni wanamcheka mpaka amekataa kwenda. Joseph hakuwa daktari wa kwanza kugusa masikio ya mtoto, maana kule New York mwenzake alishafanya hivyo mwaka 1881 kwa mvulana wa miaka 12. Lakini Joseph alikuwa msaidizi kwenye kliniki ya mifupa ya Profesa Julius Wolff, mzee mwenye jina kubwa, na alikata bila baraka za mzee. Operesheni ikafaulu, masikio yakalala. Joseph akaeleza kazi yake mbele ya chama cha madaktari wa Berlin. Wolff akamfukuza kazi.

Yani mdahalo wetu wa Jumamosi ulishafanyika zaidi ya miaka 120 iliyopita, na hoja zilikuwa zilezile. Upande wa Wolff ulisema mwili mzima haukatwi kwa ajili ya sura. Upande wa Joseph ulisema mtoto huyu haumwi sikio, anaumwa moyoni, na maumivu ya moyoni nayo ni maumivu.

Kwa kesi hii mi niko na Joseph, ila kwa shingo upande. Niko naye kwa sababu moja ya kawaida tu: sikio la mtoto wa miaka 6 au 7 limeshakaribia ukubwa wa sikio la mtu mzima, hivyo kulikata halivurugi ukuaji. Pua siyo hivyo. Pua inaendelea kukua mpaka msichana afike miaka 15 au 16, na mvulana zaidi ya hapo. Ukiikata mapema unakata kitu ambacho bado kiko njiani. Kinachonipindisha shingo ni jambo lingine. Darasa zima lilikosea, kisu kikampata mmoja, tena yule ambaye hakukosea.

Joseph hakuishia kwenye masikio. Mwaka 1898 alimpunguzia pua mwanaume wa miaka 28 ambaye alikuwa anaona aibu kutoka mbele za watu. Sifa zikaenea, Wajerumani wakampa jina la utani, kwa lugha yetu tungesema Joseph wa Mapua. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaleta askari wenye nyuso zilizopasuliwa na mabomu, yeye ni mmoja wa walioziunga upya. Lakini wengi tunaopaswa kuwakumbuka ni wateja wake Wayahudi. Joseph mwenyewe alikuwa Myahudi. Magazeti ya wakati ule yalimchora Myahudi kwa pua, na mtu akitembea barabarani aliogopa kutambuliwa kwa pua yake. Wateja hao hawakwenda kwake kutafuta uzuri. Walitaka kupita njiani kama watu wengine wote, bila mtu kuwageukia.

Halafu Wanazi wakachukua madaraka mwaka 1933. Joseph akafariki Februari 1934. Mwaka 1935 zikatoka sheria za Nürnberg, na sheria hizo, ndugu zangu, hazikupima pua ya mtu. Zilihesabu babu na bibi: ukiwa na watatu au zaidi Wayahudi, wewe ni Myahudi. Pua ilishabadilika, karatasi haikubadilika.

Sisi watu wa Maziwa Makuu hii habari tunaijua bila kusoma kitabu. Wabelgiji walikuja Ruanda-Urundi na vyuma vyao vya kupimia, wakapima urefu, fuvu na pua za wazee wetu, na miaka ya 1930 kule Rwanda wakagawa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani watu waliulizwa kitambulisho, na asiyekuwa nacho akaangaliwa pua. Mwaka 1998 mitaani Kinshasa watu waliwindwa kwa sura. Kwa hiyo mtoto wa huku akisema "natamani pua nyingine," msimcheke haraka. Huenda siyo TikTok peke yake inayoongea. Huenda kuna mambo aliyasikia nyumbani usiku, wakubwa wakidhani amelala.

Stori ya pili inatoka Korea. Vita ilikuwa imesimama mwaka 1953, nchi imebomoka, wakimbizi kila mahali. Mwaka 1954 akaja daktari wa jeshi la Marekani, David Ralph Millard, aliyekuwa amefundishwa na Harold Gillies, yule aliyetengeneza nyuso za maelfu ya askari huko Sidcup, Uingereza, wakati wa Vita ya Kwanza. Millard akakuta watoto wengi waliozaliwa na mdomo sungura ambao hawajawahi kuguswa na daktari. Akabuni namna mpya ya kuushona: upande mmoja wa mdomo unazungushwa kushuka chini, upande wa pili unasogezwa kujaza pengo. Mwaka 1955 aliieleza mbele ya madaktari wenzake huko Stockholm. Mpaka leo madaktari dunia nzima wanaitumia, na kovu karibu linajificha lenyewe.

Huyohuyo Millard, katika nchi hiyohiyo, alipata mgonjwa wa aina nyingine. Mkalimani Mkorea aliyekuwa akifanya kazi na Wamarekani alikuja kuomba abadilishiwe macho. Kwa maelezo ya Millard mwenyewe, kijana huyo alisema Wamarekani hawamwamini kwa sababu macho yake membamba yanaficha anachofikiri. Millard akayakata kope, akazipa mkunjo.

Hapo ndipo mi husimama. Mkono ni mmoja, nchi ni moja, vita ni moja. Mtoto wa mdomo sungura alipewa kitu ambacho mwili wake ulikosa: kunyonya vizuri, kula, kutamka maneno. Mkalimani hakukosa chochote, macho yake yalikuwa yanaona. Alichokosa ni imani ya watu wenye bunduki na mishahara. Alikuwa mtu mzima, alichagua, simhukumu, kila mkimbizi aliyewahi kukaa mbele ya ofisa na kujiuliza "nionekaneje ili huyu aniamini?" atamwelewa. Lakini tusidanganyane kwamba aliyekuwa na kasoro ni yeye.

Niwe mkweli pia, mkunjo wa kope haukuletwa na Wamarekani. Wakorea na Wajapani wengi huzaliwa nao, na huko Japani daktari anayeitwa Mikamo aliandika kuhusu operesheni hiyo mwaka 1896, mwaka uleule wa masikio ya Berlin. Kwa hiyo anayesema kila Mkorea anayekata kope anataka kuwa mzungu anaongea asichokijua. Ila angalia mambo yalipofika. Mtihani mkubwa wa sekondari wa Korea Kusini hufanyika Novemba, na baada yake kliniki za urembo hutangaza bei nafuu kwa wanafunzi wenye karatasi ya mtihani. Wazazi hulipia kope kama zawadi ya kumaliza shule. Kwa nini? Kwa muda mrefu waajiri kule walitaka picha kwenye barua ya kuomba kazi, hivyo mzazi anahesabu kope kama ada ya shule. Kijana wa miaka 18 anaona amechagua mwenyewe, kumbe njia ilishachongwa kabla hajazaliwa.

Serikali nyingine zimeweka ukuta. Jimbo la Queensland, Australia, toka 2008 ni kosa kumfanyia mtoto chini ya miaka 18 upasuaji wa urembo, isipokuwa ikionekana kweli ni kwa faida yake. Uingereza toka Oktoba 2021 sindano za kujaza midomo na za kuondoa mikunjo kwa sababu ya urembo ni marufuku kwa walio chini ya 18.

Wazee wetu nao wasijifanye hawajui kubadilisha mwili. Wamangbetu wa Uele, kaskazini mashariki mwa Congo, walifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke, ishara ya watu wa heshima, mpaka Wabelgiji wakakataza na desturi ikafifia miaka ya 1950. Mtoto hakuulizwa. Hata hivyo naona tofauti: alifungwa kichwa ili afanane na watu wake. Dada anayejipaka mkorogo leo, na anayetamani pua nyembamba, mara nyingi anataka kufanana na watu ambao hawamfahamu hata jina.

Dada yangu wa Jumamosi, jibu langu ni hapana kwa pua, hapana kwa midomo, mpaka mfupa umalize kukua na wewe uwe umeishi mahali ambapo hakuna anayekucheka, hata kwa mwaka mmoja tu, ujue kama bado unaitaka. Kwa masikio, tuongee. Kwa kovu la moto linalokaza shingo, nenda hata kesho, hiyo siyo urembo.

Na kwa mdomo sungura hakuna mdahalo. Bado kuna nyumba humu zinazomficha mtoto ndani eti ni laana. Mdomo unaweza kushonwa mtoto akiwa na miezi mitatu tu kama uzito wake unatosha. Hapa Uganda kuna hospitali ya CoRSU, Kisubi, njia ya Entebbe, inayofanya upasuaji wa namna hii, na mashirika kama Smile Train hulipia matibabu haya katika nchi nyingi za Afrika. Kama unamjua mama wa hivyo, mwambie leo jioni, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili.