Baraza Lisilo na Hesabu: Somo la Tija kutoka Mkoa wa Mara

Kikao cha baraza la wafanyakazi kinajulikana kwa kila mtumishi wa umma, awe Musoma, Bunda au Butiama. Mara nyingi makabrasha hugawiwa mlangoni, mgeni rasmi huhimiza uchapakazi, bajeti hupitishwa, na wajumbe hutawanyika. Kisha viongozi hulalamika kwamba tija haipandi, na lawama humwangukia mfanyakazi. Historia inatutaka tuangalie kwanza baraza lenyewe.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ndiye aliyetoa Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Kamati za wafanyakazi zilikwishakuwapo kwa sheria ya mwaka 1964, lakini zilishughulika zaidi na nidhamu na migogoro ya kazini. Waraka ulikwenda mbali zaidi: ulitaka wafanyakazi wajadili mipango, ubora na wingi wa bidhaa, masoko, hata mizania ya shirika. Hata hivyo, baraza lilipewa kazi ya kushauri tu. Uamuzi ulibaki kwa menejimenti na bodi. Henry Mapolu, aliyechunguza mabaraza hayo, alionyesha jinsi wakuu wa idara walivyoyatawala.

Februari 1971 ulitoka Mwongozo wa TANU, ulioharamisha majivuno na uonevu wa viongozi. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walivyotarajia baadhi ya mameneja. Migomo ikafuata, na kama alivyoeleza Issa Shivji, mingi haikuhusu mshahara bali dharau na unyanyasaji. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikishika kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Serikali ilivumilia tukio hilo, lakini ikazima majaribio yaliyofuata. Mlango uliofunguliwa na Waraka na Mwongozo ulifungwa kabla haujapitiwa na wengi.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma liliagiza, pamoja na mambo mengine, kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, tena apate pendekezo la mahali pake pa kazi. Msomi alitakiwa kujifunza kwa wafanyakazi. Meneja hakuwekewa sharti kama hilo.

Mji huohuo ulikuja kupata kiwanda cha nguo cha MUTEX, katika mkoa wenye pamba, hasa ya Bunda. Nisieleweke vibaya: viwanda vya nguvo vya umma vilidhoofishwa na uhaba wa fedha za kigeni, vipuri, umeme na maji, na hakuna baraza ambalo lingeviondoa vikwazo hivyo peke yake. Lakini ni fundi aliyejua mashine ipi ingesimama wiki ijayo, na karani wa ghala aliyejua kipuri gani kimekwisha. Taasisi isiyo na njia ya kuyasikia hayo mapema hulazimika kuyasikia wakati uzalishaji umekwisha kusimama.

Leo tunazo sheria: ya majadiliano katika utumishi wa umma ya mwaka 2003, na ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004. Tumekuwa na OPRAS tangu 2004, na sasa PEPMIS. Mifumo hii humpima mtumishi mmoja mmoja. Lakini muuguzi asiye na vifaa na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawawezi kuongeza tija kwa kujaza malengo vizuri zaidi.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha mpya. Taarifa za mapato, matumizi na utekelezaji ziwafikie wajumbe wiki mbili kabla ya kikao. Kila pendekezo la wafanyakazi lijibiwe kwa maandishi: limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hizi. Na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma majibu hayo.

Wewe uliye mjumbe wa baraza, omba hesabu kabla ya kikao kijacho. Ukinyimwa, taka sababu iandikwe kwenye muhtasari.