Shokoa, Harambee na Kazi ya Kujitolea katika Nchi ya Kajiado

Halmashauri ya chama chetu imetuagiza tuandike machache, katika kurasa hizi za taarifa ya mwaka, juu ya historia ya kazi za kujitolea katika sehemu zetu za Kajiado na Kitengela. Tumeipokea kazi hii kwa furaha, maana kila ufikapo mkutano mkuu huzuka swali lile lile: je, mwanachama asiyefika siku ya kazi atozwe faini? Vijana husema atozwe. Wazee wengi hukataa, wala hawaelezi sana sababu yao. Sababu ipo, nayo ni ya zamani kuliko chama hiki.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kusaidiana hakukuletwa katika nchi hii na serikali yoyote. Wamaasai wana desturi iitwayo ewoloto, yaani ndugu na watu wa ukoo kumchangia mifugo mtu aliyefilisika kwa ukame au maradhi, hata apate tena kundi la kumlisha yeye na watoto wake. Jambo hilo hujadiliwa na wazee katika enkiguena, na kila mmoja hutoa kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna karani anayeandika, lakini haisahauliki nani alitoa na nani alijificha. Kwa hiyo si kweli kwamba mambo ya zamani yalikuwa ya hiari tupu. Aibu ilifanya kazi ambayo leo twataka ifanywe na faini. Tofauti ni kwamba aliyemwaibisha mtu alikuwa jamaa yake, naye kesho angeweza kuwa yeye mwenye shida.

Serikali ya Kiingereza ilipokuja iliigeuza kazi ya pamoja kuwa amri. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa wakuu wa vijiji uwezo wa kuwaita watu kufanya kazi za umma, na nyongeza ya mwaka 1920 ikaruhusu mtu kulazimishwa kufanya kazi za serikali, kwa ujira mdogo, hata siku 60 katika mwaka. Watu wa pwani waliita kazi ya namna hiyo shokoa, na neno hilo halikuwa tamu mdomoni. Wamaasai hawakuinyamazia amri. Mwaka 1918, Vita Kuu ilipokuwa ikielekea mwisho, serikali ilitaka kuwaandika moran wa Kipurko kwa nguvu katika jeshi, na huko Ololulunga, upande wa Narok, damu ilimwagika. Mwaka 1935 ghasia zikatokea tena, mara hii huko Rotian, na chanzo chake kilikuwa kuwalazimisha moran kufanya kazi ya barabara. Wasomaji watuwie radhi kwa kuvuka mpaka hadi Narok; zamani zile nchi ya Wamaasai ilitawaliwa kama hifadhi moja, na habari ya Rotian ilifika Kajiado bila kuchelewa.

Tukumbuke kwamba moran hawakuwa wavivu. Ni nani awezaye kumwita mvivu kijana anayekwenda na ng'ombe mchana kutwa katika jua la mbuga? Walichokataa ni kushikishwa sururu kwa ajili ya barabara ambayo hawakuulizwa habari zake. Hata mataifa, yalipokutana Geneva mwaka 1930, yalikuwa yameandika mkataba dhidi ya kazi ya kulazimishwa, ijapokuwa waliacha humo nafasi kwa kazi ndogondogo za kijiji.

Ukame wa mwaka 1960 na 1961 uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Kajiado, kisha zikaja mvua za mwisho wa 1961 zilizogeuka kuwa mafuriko. Ndiyo hali tuliyoingia nayo katika uhuru. Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Mzee Jomo Kenyatta alitoa mwito wa harambee, neno la wachukuzi na mabaharia wanapoinua mzigo kwa pamoja. Shule na zahanati nyingi za Kenya zilijengwa kwa mwito huo. Lakini baadaye harambee nayo iliota meno. Kuna mahali ambapo mchango ulidaiwa kama kodi, na mtu alikosa huduma ya ofisi mpaka aonyeshe stakabadhi. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwazuia maofisa kutumia vyeo vyao kuchangisha. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 30, yakataza kabisa kumlazimisha mtu kufanya kazi.

Huduma ya Vijana kwa Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, yule yule aliyeanzisha kituo cha wavulana cha Starehe mwaka 1959. Wengi walioandikwa walikuwa vijana wasio na kazi. Walipewa sare, chakula, nidhamu na ufundi, nao wakajenga barabara. Hawakukamatwa njiani, walijiandikisha.

Jirani zetu ng'ambo ya Namanga walipita njia nyingine. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, na mwaka 1966 serikali ya Tanganyika na Zanzibar iliyoungana ikaamua kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu ni lazima walitumikie. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kuupinga mpango huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, lakini pia akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Sisi twaona kitendo hicho cha pili kilisema zaidi ya kile cha kwanza. Kenya nayo ilijaribu lazima: tangu 1984 wanafunzi waliochaguliwa kuingia chuo kikuu walipelekwa kwanza Gilgil, na mpango huo ukafa karibu na 1990.

Sasa turudi Kitengela, ambako jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi kumilikiwa na kikundi, na ranchi za namna hiyo zikaanzishwa katika nchi ya Kaputiei. Wazee wa kamati walisimamia malisho na maji ya wote. Mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Viwanda vya Athi River vikavuta watu, mashamba yakauzwa kwa vipande, na senyenge zikafunga njia za ng'ombe na za nyumbu waendao na kurudi kutoka Mbuga ya Nairobi. Mtu aliyekwisha kuuza hana tena sababu ya kuhudhuria enkiguena, na aliyenunua hajui kuwa enkiguena ipo.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi, kama shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, ili wasiweke ua wala wasiuze. Malipo yaligawanywa mara tatu, wakati shule zinapofunguliwa. Wako waliosema kwamba huko si kujitolea. Pengine ni kweli, lakini karo ililipwa na njia zikabaki wazi. Baada ya miaka michache vijana wa hapa hapa, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya mifugo iliyoko Nairobi, walizunguka mbuga wakiandika kila ua ulipo. Ramani zao zilitumika katika kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, ambao Halmashauri ya Olkejuado iliukubali kabla ya serikali ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013.