Mkoko Si Kila Mti wa Matopeni

Katika maandishi ya mazingira ya pwani yetu kuna dai linalorudiwa hadi limeota mizizi: kwamba Mswahili ana neno moja, mkoko, analouita kila mti unaoota kwenye matope ya bahari, na kwamba miti hiyo haikutenganishwa mpaka walipokuja wataalamu wa mimea na vitabu vyao. Dai lenyewe lina sura ya kweli. Gazeti likiandika "mikoko" siku hizi halikusudii mti mmoja, na mwanafunzi wa Mombasa akiulizwa miti ya hori ya Tudor atajibu vivyo hivyo. Lakini kwa mkataji wa Jomvu au Mtwapa, na kwa fundi wa vyombo, mkoko ni mti mmoja kati ya tisa, na ukimletea mwingine kwa jina hilo atakurudishia.

Tisa ndiyo hesabu ya wataalamu wenyewe kwa pwani ya Kenya. Mkoko (Rhizophora mucronata) husimama juu ya magongo ya mizizi, na mbegu yake humea ikiwa bado inaning'inia tawini. Mkandaa (Ceriops tagal) ni mwembamba, na gome lake hutoa rangi nyekundu. Muia (Bruguiera gymnorrhiza) una mizizi iliyokunjika kama magoti. Mchu (Avicennia marina) hutoa chumvi kwenye majani. Mlilana (Sonneratia alba) hutangulia kuikabili bahari. Mkomafi (Xylocarpus granatum) huzaa tunda kubwa la mviringo, na pembeni yake yuko mkomafi dume (Xylocarpus moluccensis). Kikandaa (Lumnitzera racemosa) hukaa upande wa nchi kavu, na msikundazi (Heritiera littoralis) hupenda mahali penye maji baridi ya mito. Wako wanaoongeza kilalamba kike (Pemphis acidula), na wataalamu wanabishana kama anastahili kuhesabiwa. Majina tisa kwa miti tisa. Aliyesema kuna jina moja hakushuka matopeni.

Historia ya mbali nitaipita haraka, maana inajulikana. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, akaonja tunda tamu lenye kokwa akaliita kwa jina alilolijua kutoka India. Wareno waliuchoma mji mwaka 1505, wakaanza Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakafuata, kisha Waingereza. Katika muda wote huo majahazi yalikwenda na kusi na kurudi na kaskazi, na miti ya pwani yetu ilipakiwa kwenda Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na mti wa kubeba dari. Hata mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililopakia miti hiyo katika delta ya Rufiji, na safari ile akaiandika kitabu.

Kinachohitaji kusimuliwa taratibu ni jinsi majina yalivyofika vitabuni, na jinsi mengine yalivyoachwa mlangoni.

Mvita ilikuwa na nafasi ya kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa, iliyochapishwa London mwaka 1882 baada ya yeye kufariki, ilijengwa juu ya maneno ya watu wa hapa. Ina makosa mengi ya tahajia, na waliomfuata walipenda kuyacheka. Lakini Krapf alikuwa na tabia nzuri moja: hakuridhika kutoa neno moja la Kiingereza badala ya neno moja la Kiswahili. Alieleza kitu kinafanya kazi gani na nani anakitumia. Baada yake alikuja William Ernest Taylor, aliyekaa Mombasa, akaketi na wanazuoni wa mji kama Mwalimu Sikujua, na mwaka 1891 akatoa mkusanyo wa methali. Hawa wawili waliamini kwamba Kimvita ni lugha kamili, yenye haki ya kuandikwa kama ilivyo.

Mwaka 1928 ukaja mkutano, tena hapa hapa Mombasa. Wajumbe wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana kuchagua lahaja moja ya shule na vitabu, na wakaichagua Kiunguja. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ambayo msingi wake ni kamusi ya A. C. Madan wa Unguja. Wapo wanaoutetea uamuzi huo kwa hoja ya umoja: nchi nne, vitabu vichache, fedha kidogo. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na hainishawishi. Umoja wa tahajia unaeleweka. Umoja wa majina ya miti ni jambo jingine, kwa sababu miti haikuwa na taabu ya kueleweka mpaka ilipopewa mkalimani. Muia wa Mombasa ni msinzi kwa wengi wa pwani ya kusini, na yote mawili ni majina halali ya mti mmoja. Kamusi ya lahaja moja humlazimu msomaji aamini kwamba moja ndilo jina na jingine ni kosa la wenyeji.

Miaka minne baada ya mkutano, sheria nayo ikafanya yake. Tangazo la serikali la mwaka 1932 liliifanya misitu yote ya matope ya pwani ya Kenya kuwa hifadhi ya serikali, na baada ya uhuru jambo hilo likathibitishwa tena mwaka 1964. Kwa karani wa misitu, kila kilichoota kati ya maji yakijaa na maji yakipwa kilikuwa kitu kimoja chenye jina moja la Kiingereza. Neno "mikoko" kwa maana ya miti yote limepata nguvu humo: katika leseni, ripoti na mabango, ambako lilihitajika neno moja la kutafsiri neno moja. Hivyo ule "upungufu" wa Kiswahili unaolalamikiwa vitabuni ulitengenezwa ofisini.

Vipo vitabu viwili vilivyokwenda njia tofauti, na vyote vimesahauliwa na waandishi wa mazingira. Kimoja ni orodha ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1940. Cha pili ni kamusi ya Kifaransa ya Charles Sacleux, padri aliyeishi Unguja na Bagamoyo, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Sacleux alikuwa mkusanyaji wa mimea, akajali kuonyesha neno ni la lahaja gani. Ni ajabu kwamba mtu anayetaka kujua mti unaitwaje Mvita na unaitwaje Amu apate msaada zaidi kwa Mfaransa kuliko kwa kamusi iliyotokana na mkutano uliofanyika Mombasa.

Hata hivyo vitabu hivi viwili navyo vinatupa nusu tu ya habari. Vinaorodhesha miti. Watu wa pwani walikuwa na daftari la pili, la miti ikishakatwa. Huko jina la mti huachwa nyuma na jina la ukubwa hutangulia. Fito ni nyembamba, chini ya takriban sentimita 4 za unene, za kufungia kuta za udongo. Pau zafuata, za kuezekea. Kisha mazio, kisha boriti, ambayo unene wake ni kati ya takriban sentimita 11 na 14, kisha nguzo. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mnunuzi katika yadi ya boriti hakuulizi mti gani, anakuuliza ngapi na za kufanyia nini. Boriti inaweza kuwa mkoko au muia, na fito nyingi ni mkandaa, kwa kuwa huo ndio unaonyooka ukiwa mwembamba.

Hapa ndipo wataalamu wa majina ya mimea duniani wanapogombana. Brent Berlin na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1974 kuhusu Watzeltal wa Chiapas kule Mexico, walidai kwamba binadamu popote hutenganisha mimea kwa maumbile anayoyaona, na kwamba matumizi yana sehemu ndogo. Eugene Hunn alijibu mwaka 1982 kwamba matumizi hayawezi kuwekwa kando hivyo: watu hutaja kwa undani kile kinachowafaa au kinachowadhuru.

Matope ya Mombasa yanatoa ushahidi kwa wote wawili. Mchu huota sehemu mbili, karibu na bahari ukiwa mrefu na nyuma kabisa upande wa nchi kavu ukiwa kibete usiofaa kwa ujenzi. Kama jina lingefuata matumizi peke yake, hiyo ingekuwa miti miwili. Watu wanauita mchu kote kote, maana majani, mizizi ya kupumulia inayochomoza matopeni na ile chumvi ni vya mti mmoja. Mkomafi na mkomafi dume pia ni wa jenasi moja kwa wanasayansi, na jina lenyewe limekwisha kusema ni ndugu. Mkandaa na kikandaa, kinyume chake, ni wa familia mbali kabisa, lakini wamewekwa pamoja kwa sura. Katika daftari la miti, basi, Berlin ana haki kwa kiasi kikubwa.

Daftari la boriti halimpi nafasi. Huko hakuna maumbile ila unene, urefu na unyoofu, na uainishaji huo ni wa makini zaidi kuliko wa kwanza, kwa sababu fedha ilikuwa inautegemea. Berlin angesema hayo ni majina ya bidhaa, si ya viumbe. Mimi naona kwamba aliyekata mti asubuhi na kuuza boriti jioni ni mtu mmoja, na elimu yake haikukatika katikati. Alijua mkoko wa mahali panapofikiwa na kila maji utatoa boriti ndefu, na ule wa mahali panapofikiwa na bamvua tu utabaki pau. Daftari moja lilimwonyesha aende wapi, la pili lilimwambia asimame wapi.

Na daftari hilo ndilo lililopima nyumba zetu. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, upana wa takriban mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti inaweza kubeba dari ya matumbawe na chokaa bila kupinda. Nyumba nyingi zilizosimama leo Ndia Kuu na Kibokoni ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zimejaa roshani za mtindo wa Kihindi, na watalii huzipiga picha kwa ajili ya milango. Kipimo cha ndani, hata hivyo, kilitoka horini. Hata chokaa ya kuta ilichomwa kwa kuni za huko huko. Mlilana na mchu nao walikwenda kwa mafundi wa vyombo, wakawa mataruma.

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Soko la Ghuba lilikuwa limekwisha kupungua, maana mafuta yalileta saruji na chuma. Baadaye likaja katazo la ukataji la mwaka 2018. Simlaumu aliyelinda miti: hori za Tudor na Port Reitz zimeumizwa na mafuta ya meli, majitaka na ukataji holela, na kule Gazi mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umeonyesha kwamba kijiji kinaweza kupata fedha kwa kuiacha miti isimame. Lakini katazo hufuta daftari la pili kimya kimya. Kijana anayepanda miche leo anafundishwa majina ya Kilatini na jina "mikoko". Hana sababu ya kujua mazio ni nini.

Marehemu Sheikh Ahmad Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017 baada ya kuitumikia lugha miaka mingi hapa Mombasa, aliliona jambo hili mapema. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, ulitungwa kuhifadhi msamiati wa vyombo na ubaharia, na baadaye akaufanyia mnazi kazi hiyo hiyo katika Umbuji wa Mnazi. Watu walimjua zaidi kwa maneno mapya aliyoyabuni, kama runinga, na wengine wakamfanyia mzaha. Kazi yake ya kuokoa maneno ya zamani ilikuwa na uzito zaidi, na matope bado hayajapata utenzi wake.

Kazi ya chini ya hapo inaweza kuanza bila mshairi. Kila nyumba ya Mji wa Kale inapofanyiwa ukarabati, boriti hung'olewa na kutupwa, na taarifa ya ukarabati huandika "mbao za dari". Iandikwe badala yake kila kipande ni boriti, mazio au pau, kimetokana na mti gani, na mzee wa mtaa anauitaje mti huo, iwe muia au msinzi. Fundi anayezing'oa anayajua majibu mawili ya kwanza kwa kuzitazama tu. Kinachokosekana ni safu mbili zaidi kwenye fomu, na afisa atakayekubali kwamba Kimvita kinafaa kuandikwa humo.