Hampstead Garden Suburb: kitongoji cha wote kilichogeuka cha wenye nazo

Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri wa Kimarekani Charles Yerkes alikuwa akipitisha reli chini ya vilima vya Hampstead, kaskazini mwa London. Henrietta Barnett aliijua hatua inayofuata. Stesheni ikishafunguliwa kando ya mashamba ya Wyldes, wajenzi wangemiminika, na mbuga ya Hampstead Heath ingezingirwa na nyumba zilizobanana.

Bi Barnett hakuwa mgeni wa nyumba za namna hiyo. Yeye na mumewe, kasisi Samuel Barnett, walikuwa wameishi miaka mingi Whitechapel, mtaa wa makabwela mashariki mwa jiji, na mwaka 1884 walianzisha huko kituo cha huduma za jamii, Toynbee Hall. Ili Hampstead isifuate njia hiyo, Bi Barnett alichangisha fedha, zikanunuliwa ekari 80 za ardhi ya shule ya Eton, zikaongezwa kwenye mbuga. Yerkes akakosa abiria aliowategemea. Stesheni ile ilikwisha kuchimbwa chini kabisa, lakini haikufunguliwa hata siku moja. Treni za njia ya Northern, ya reli ya chini ya ardhi, hupita hapo hadi leo bila kusimama.

Kisha mama huyu akaenda mbali zaidi. Mwaka 1907 zilinunuliwa ekari nyingine 243 kutoka Eton, na tarehe 2 Mei ujenzi ukaanza. Alitaka tajiri na kibarua wakae kitongoji kimoja. Nyumba zitengwe kwa wigo wa mimea, siyo kuta; misitu iwe wazi kwa kila mtu; kuwe na utulivu, hata kengele za kanisa zisisumbue.

Ramani ilichorwa na Raymond Unwin na mwenzake Barry Parker, waliokuwa wametoka kupanga mji wa Letchworth. Ufundi wao ulianzia kwenye sheria. Kanuni za wakati huo zililazimisha barabara pana zenye gharama kubwa hata mbele ya kijumba kidogo. Bunge likapitisha sheria maalumu mwaka 1906: nyumba zisizidi wastani wa nane kwa ekari, na vichochoro vyembamba, hata visivyo na njia ya kutokea, viruhusiwe. Kilichookolewa kwenye barabara kikaenda kwenye bustani.

Mafundi na makarani walipanga nyumba ndogo upande wa kaskazini. Wakubwa wakajenga karibu na mbuga. Wapo waliosahauliwa mahali pengine lakini si hapa: mwaka 1909 msanifu majengo Baillie Scott alijenga Waterlow Court, vyumba vilivyozunguka ua wa ndani, kwa ajili ya wanawake wasioolewa waliojitafutia riziki, na pakawa na chumba cha pamoja cha kulia chakula.

Kasoro ilikuwa katikati. Msanifu majengo Edwin Lutyens alipanga hapo uwanja wenye makanisa mawili na jengo la elimu, majengo ya kupendeza kweli, ila mkate hununui hapo. Maduka yalisukumwa pembezoni, na baa hazikuruhusiwa kabisa. Mtu aliyetoka kazini akiwa na kiu ilimbidi avuke mpaka. Sijui nani alidhani watu watajuana kwa kukutana kwenye ibada tu, tena katika makanisa mawili tofauti.

Leo ukihamia huko, shirika la dhamana linalosimamia kitongoji litataka uombe idhini kabla ya kubadili dirisha, kukata mti au kusakafia bustani ya mbele ili uegeshe gari. Wakazi hunung'unika, lakini kanuni hizo ndizo zilizokifanya kitongoji kibaki karibu kama Unwin alivyokichora. Wakazi wenyewe hawakubaki vilevile. Sheria ya mwaka 1967 iliwapa wapangaji wa muda mrefu haki ya kununua ardhi iliyo chini ya nyumba zao, na soko likafanya yaliyobaki. Kijumba kilichojengwa kwa ajili ya fundi sasa kinaweza kufikia pauni milioni moja. Kukata mti kunahitaji kibali. Kipato cha anayehamia hakina kanuni yoyote inayokigusa.