Kinoautomat ya 1967: Sinema Iliyouliza na Hadhira Iliyojibu

Tofauti kubwa baina ya ngano na sinema ni kwamba mtambaji hungoja jibu, ilhali mashine haingoji. Mtambaji akisema "Paukwa", hadhira isipoitika "Pakawa", ngano haianzi. Filamu huendelea hata ukumbi ukiwa mtupu. Jaribio mashuhuri la kuziba pengo hilo lilifanywa mwaka 1967 mjini Montreal, Kanada, katika banda la Chekoslovakia kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 67.

Jaribio hilo liliitwa Kinoautomat, na mbunifu wake alikuwa Radúz Činčera. Ukumbi ulikuwa na viti 127, na kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha kijani. Filamu ilisimulia mikasa ya Bwana Novák, ambaye nyumba yake inaungua. Kila hadithi ilipofika njia panda, filamu ilisimamishwa, na Miroslav Horníček, mwigizaji yule yule wa Novák, akatokea jukwaani mwenyewe na kuwauliza watazamaji: je, amfungulie mlango jirani wa kike aliyefungiwa nje akiwa amejifunga taulo tu, hali mke wa Novák yu karibu kurejea? Watu walibonyeza vitufe, na uamuzi wa wengi ukafuatwa. Mitambo yenyewe ilikuwa sahili: projekta mbili zilikwenda sambamba, na lenzi ya upande ulioshindwa ikafunikwa.

Hata hivyo, kura hazikubadili hatima. Njia zote mbili zilikutana tena kabla ya swali lililofuata, na nyumba iliungua vyovyote vile. Lau njia zingegawanyika daima, maswali 9 tu yangedai miisho 512. Aidha, wahakiki wameona humo kejeli juu ya upigaji kura usioleta mabadiliko. Nao watawala wa Chekoslovakia waliizuia filamu hiyo mwaka 1972. Katika miaka ya 1990 televisheni ya Kicheki iliirusha kwa idhaa mbili kwa pamoja. Watazamaji wakahama kutoka idhaa moja hadi nyingine, na siri ikafichuka.

Kwa hiyo, kilichoipa sinema hiyo uhai si vitufe bali mtu aliyesimama jukwaani akingoja jibu. Katika ngano pia, kiitikio hakibadili mwisho. Sungura atamshinda Fisi vile vile. Kinachobadilika ni utambaji wenyewe: kasi yake, urefu wake na mzaha wake. Anayenasa ngano katika kanda na kuiacha nje sauti ya hadhira amehifadhi maneno, lakini tendo lenyewe limempotea.